Soko la Shanga: Namna ya Kulianzisha Bila Kumpunja Aliyetunga

Kabla hujatafuta eneo, meza wala turubai, kaa chini na mama mmoja anayetunga bangili, ukiwa na saa. Usimharakishe. Ataanza kwa kuchambua shanga, maana zinazonunuliwa kwa kilo huja zimechanganyika na zilizovunjika, zilizoziba tundu na zilizonenepa upande mmoja, na mtungaji mzuri hazigusi hizo. Kisha atakata waya, atakunja ncha, atatunga mstari wa kwanza huku akihesabu mpaka pale rangi inapobadilika. Atagundua nyeusi imezidi moja, atafumua, atarudia. Atasimama kuangalia sufuria. Atamnyonyesha mtoto. Muda huo wa sufuria na mtoto usiuhesabu. Hesabu ule ambao mikono ilikuwa kwenye shanga tu. Akimaliza utakuwa na namba moja, na soko lako lote litasimama juu ya namba hiyo.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaonijia wakitaka kuanzisha soko la kazi za mikono za Kimaasai huku kwetu Monduli huanzia upande wa pili. Wanaanzia kwa mtalii: atatoa kiasi gani, anapenda rangi gani, gari lake linasimama wapi. Halafu wanagawa wakirudi nyuma. Mwenye eneo apate chake, dereva chake, muuzaji chake, na kinachobaki ndicho cha yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, aliyeshinda chini ya mgunga akitunga. Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha kina mama watunga shanga, na mama yangu mzazi ni mmoja wao. Katika daftari letu fungu la aliyetunga huandikwa kwanza, na kila mwingine anahesabiwa baada yake. Usipokubali jambo hili moja, mengine nitakayoeleza hayatakusaidia.

Kupanga bei

Sasa chukua ile namba ya saa uliyoipata na uitafutie thamani. Njia rahisi, ambayo kila mama ataielewa bila kuchorewa chochote, ni kuuliza kibarua cha kutwa kinalipwaje mahali mnapoishi. Kwetu tunauliza wanaopalilia mpunga Mto wa Mbu. Tuseme kibarua ni Sh 8,000 kwa saa nane. Basi saa moja ni Sh 1,000. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kutunga shanga ni ujuzi wa miaka, haufanani na kupalilia, kwa hiyo kikundi kikiweza kupanda juu ya hapo kipande. Lakini kisishuke chini yake hata siku moja, hata mgeni akilia.

Bangili ya saa nne, basi, ni Sh 4,000 ya mikono. Ongeza shanga, waya na uzi, tuseme Sh 1,500. Hizo Sh 5,500 ni za mama, na zizungushie duara daftarini. Baada ya hapo ndipo unaongeza gharama za soko lenyewe: usafiri, ushuru wa meza, mfuko wa kitambaa, posho ya anayeuza, tuseme Sh 1,200 kwa kila bangili. Mwisho mfuko wa kikundi, Sh 800. Bei ni Sh 7,500. Ukiangalia utaona karibu robo tatu inakwenda kwa aliyetunga.

Kuna watakaokwambia bei hiyo haiuziki, kwa kuwa barabarani bangili kama hiyo inapatikana kwa Sh 3,000. Inapatikana kweli. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ile ya Sh 3,000 uone saa ya mama imelipwa shilingi ngapi baada ya kutoa shanga na faida ya mwenye duka. Mara nyingine utakuta hajalipwa kitu, amerudishiwa hela ya shanga zake tu. Waonyeshe kina mama hesabu hiyo kwenye kikao, kwa sauti, hatua kwa hatua. Wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba muda wao una bei, kwa sababu shanga hutungwa katikati ya kuteka maji, kukamua na kupika, na kazi inayofanyika katikati ya kazi nyingine huonekana kama si kazi.

Vitu vikubwa vipangie bei peke yake. Ushanga mpana wa shingoni unachukua siku kadhaa, na ukiufuatisha na bangili kwa kukadiria macho tu utampunja mtungaji sana. Pima kila aina ya kitu angalau kwa mama wawili tofauti, mmoja mwepesi na mmoja wa taratibu, na uchukue katikati. Shanga zikipanda bei, rudi kwenye hesabu. Usiache bei ya mwaka juzi ikaendelea kwa uzembe wa kufuta lebo.

Shanga zenyewe

Shanga za kioo hazikuzaliwa Umaasaini. Zamani mapambo yalikuwa ya mbegu, mifupa, ngozi na shaba. Karne ya 19 misafara iliyopanda kutoka pwani, Pangani na Bagamoyo, ilibeba shanga za Ulaya, na mfanyabiashara aliyekuja na rangi isiyotakiwa na watu wa mahali fulani alirudi na mzigo wake. Kina mama walikuwa wateja wagumu tangu wakati huo. Leo zinazosifiwa kwa kulingana ni za Jamhuri ya Czech, za eneo la Jablonec, ambako kazi ya shanga ni ya vizazi. Za bei nafuu mara nyingi rangi imepakwa juu tu. Zikipata jasho zinachuja.

Jaribu kabla ya kununua nyingi. Loweka kiganja cha shanga kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, pamoja na kitambaa cheupe, mpaka asubuhi. Kitambaa kikipata rangi, usinunue. Mgeni ambaye bangili yake imemchafua mkono hatarudi, na atawaambia wenzake.

Nunueni kwa pamoja. Mama mmoja akinunua robo kilo dukani Arusha analipa bei ya rejareja, na ndiyo maana wengi huishia kukopeshwa shanga na mnunuzi yuleyule atakayechukua kazi. Hapo ndipo anapofungwa: shanga ni za tajiri, bei anapanga tajiri, na kila mwezi deni halijaisha. Kikundi kikiwa na akiba yake ya shanga na kikawapa wanachama kwa bei ya ununuzi, kamba hiyo inakatika. Kama kuna jambo moja la kufanya na mkopo wa kwanza, ni hili.

Na mkopo upo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, ambaye pia ndiye wa kumwona kwa usajili wa kikundi. Mtahitaji katiba, orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki. Katiba isiwe ya kunakili kwa jirani. Iandikeni wenyewe mambo matatu: bei inapangwaje, mama analipwa lini, na nani anaruhusiwa kushika fedha. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao wana mafunzo na wanazijua njia za maonyesho kama Sabasaba. Wafuateni ofisini, msingoje waje bomani.

Alama ya mama na lebo yake

Wengi wa kina mama wetu hawakwenda shule. Hiyo isiwe sababu ya hesabu kuwa ya mtu mmoja. Sisi kila mama ana alama yake: shanga tatu ndogo za rangi alizochagua mwenyewe, zimefungwa kwenye uzi wa lebo. Bluu-nyeupe-bluu ni huyu, njano-nyekundu-kijani ni yule. Bangili ikiuzwa, uzi wa lebo unakatwa na kuwekwa kwenye kopo. Jioni anayejua kusoma na asiyejua wanamwaga kopo pamoja na kuhesabu. Daftari langu likisema sita na uzi ni saba, uzi ndio unaoaminiwa mpaka tuelewane.

Upande wa pili wa lebo andika bei, na chini yake fungu la aliyetunga. Kwa mfano: bei 7,500, yake 5,500. Wafanyabiashara wengine wataona unavua nguo hadharani. Wageni wanapenda, lakini mimi siandiki kwa ajili ya wageni. Naandika ili yeyo akipita mezani, amwombe mtoto wake wa darasa la tatu amsomee, na ajue kazi yake inauzwa kiasi gani. Soko ambalo mtungaji haijui bei ya kuuzia si la haki, hata likiwa na bango la namna gani.

Kulipa

Mtindo ulioenea ni mali kauli: mama analeta, inauzwa, ndipo analipwa. Maana yake ni kwamba mwenye uwezo mdogo kuliko wote ndiye anayelikopesha soko. Badilisheni. Mama akileta kazi iliyopita ukaguzi, apewe nusu ya fungu lake hapohapo, na nusu ya pili siku ya hesabu, ambayo iwe inajulikana, kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hili si wazo langu. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lina kanuni 10, na mojawapo inataka kwa kazi za mikono mtengenezaji akiomba apewe malipo ya awali yasiyo na riba, angalau asilimia 50 ya oda. Mwenye duka Ulaya akikuagiza kisha akasema hulipa mzigo ukifika, mkumbushe kanuni hiyo kwa adabu, hasa kama tovuti yake imejaa maneno ya haki.

Kuhusu hela ya simu, uliza swali ambalo watu wanaona haya kuuliza: laini ni ya nani? Bomani laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au cha kijana wa kiume. Ukituma fungu la mama kwenye laini hiyo, umemlipa mtu mwingine. Siwasemi vibaya baba zetu. Wapo wanaozifikisha zote. Lakini mama anapaswa kuchagua. Wasaidieni kina mama wasio na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kufuatilia, nendeni nao hata kama ni safari ya kutwa, na wakati wa kungoja walipeni taslimu mkononi, kwa dole gumba mbele ya shahidi.

Ongeeni pia na wazee wa boma mapema, kwa heshima, kabla minong'ono haijaanza. Mzee anayejua kikundi kinafanya nini huwa mlinzi wake. Katika ukame wa 2022, ng'ombe walipokuwa wanaanguka njiani, fedha ya shanga ilinunua unga katika boma nyingi, na wazee waliokuwa wanaiita michezo ya wanawake waliacha kuiita hivyo.

Eneo, na suala la madereva

Mahali panaweza kuwa kando ya barabara ya kwenda Karatu na Ngorongoro, bustani ya hoteli mara moja kwa wiki, au boma la utamaduni lenyewe. Kila mahali pana bei yake iliyofichika. Barabarani kuna vumbi na ushuru. Hotelini mwenye hoteli atataka asilimia. Kubalini kodi ya meza isiyobadilika badala ya asilimia, maana asilimia itakatwa kwenye fungu la mama mkiwa hamwangalii.

Bomani tatizo ni mlango. Kuna mahali wageni walitozwa na kampuni iliyowaleta fedha nzuri kwa ajili ya kuingia boma, na iliyofika bomani ilikuwa sehemu ndogo sana yake. Wageni wakakataa kununua kitu wakisema wameshalipa, na walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Dawa ni kibao mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, kinachosema kiingilio ni kiasi gani, kinalipwa kwa nani, na risiti inatolewa. Kibao cha mbao, herufi kubwa, ambacho mgeni anakisoma kabla ya kushuka kwenye gari.

Madereva nao ni vijana wetu, wengi wana familia na mishahara midogo. Maduka makubwa ya vinyago huwapa kamisheni kwa kila mgeni anayenunua, kwa hiyo usitegemee watasimama kwako kwa upendo. Kaa nao. Sisi tunawapa chakula cha mchana cha moto, chai, choo safi na kivuli cha gari, na gharama yake imeingizwa kwenye zile Sh 1,200 za gharama za soko, daftarini inaonekana wazi. Asilimia hatutoi. Wengine wamepita na hawakusimama tena. Waliobaki wanatosha, na wakifika huwaeleza wageni vizuri kuliko sisi.

Wasisahaulike vijana walioko Zanzibar. Ukitembea fukwe za Nungwi na Paje utawakuta morani wakiuza bangili, na nyingi zimetoka kwa mama na dada zao huku bara, wakazichukua kwa ahadi ya mdomo. Huo ni mkono wa soko lenu kama mtautengeneza. Mpeni kijana mzigo wenye orodha, alama za kina mama zikiwa kwenye lebo, bei ya chini imeandikwa, na tarehe ya kutuma hela. Anachopandisha juu ya bei hiyo ni jasho lake, maana Zanzibar kula na kulala ni ghali. Fungu la mama lisiguswe.

Siku ya soko

Gaweni meza sawa kwa sawa. Mama mwenye sauti na Kiingereza cha kuokoteza atajaza meza nzima kama hakuna mstari, na koko, yaani bibi, aliyekaa kimya pembeni ataondoka na kazi zake zote. Tumieni nguo za rangi kugawa nafasi, na kila soko watu wazunguke, aliyekuwa mwisho awe mwanzo.

Bei ni moja. Mgeni amesoma mahali kwamba Afrika lazima upunguziwe nusu, na hana ubaya, anafuata alichoambiwa. Mfundisheni muuzaji asinune wala asipunguze. Anyanyue lebo, aonyeshe fungu la aliyetunga, amwite mwenyewe kama yupo: "Aliyeitunga ni koko huyu, ilimchukua saa nne." Wengi hulipa palepale, wengine huongeza. Atakayeondoka aende salama.

Picha ziombwe. Mama akikataa, imekwisha, na muuzaji asimsukume kwa kuogopa kupoteza mteja. Watoto wasipangwe mstari kuimbia magari, wala msichana asikae mezani siku ya shule. Kujifunza kutunga jioni kwa bibi yake ni urithi wake. Kuacha darasa ili atimize oda ni utumikishwaji, na kanuni za biashara ya haki zinalikataza. Elimu ya msingi haina ada, lakini sare, madaftari na michango vipo, na kina mama wengi hutunga kwa ajili hiyohiyo. Ingekuwa ajabu shanga zikamtoa mtoto pale zinapomlipia.

Mezani pasionekane kitu cha mnyamapori: jino, kucha, ngozi, manyoya ya ndege. Hata kikiwa cha zamani, hata kama kiliokotwa. Mgeni atashikwa uwanja wa ndege na kikundi kitaandamwa. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani yatawafaa, na ni kazi kwa mtu mwingine wa kijijini.

Ukaguzi ufanyike kabla, siyo mbele ya mteja. Pitisha kidole ndani ya bangili kutafuta ncha ya waya. Vuta uzi. Angalia vile vipande vinavyotenganisha mistari, ambavyo zamani vilikuwa vya ngozi na sasa wengi hukata kwenye madumu ya plastiki, kama kingo zake zimelainishwa. Kazi iliyorudishwa irudishwe kwa maelezo, pembeni, na mwenye mkono mzuri akae na mwenye kujifunza na alipwe kwa muda huo. Koko ambaye macho yamechoka kwa shanga ndogo apewe kazi ya shanga kubwa au hiyo ya kufundisha. Asiondolewe kwenye orodha.

Visivyouzwa

Kwa jambo hili nawaomba msikilize hata kama mmechoka kusoma. Si kila kitu kilichotungwa kwa shanga ni bidhaa. Yapo mapambo ya bibi harusi, yapo ya mama mwenye mtoto mkubwa, zipo isurutia, yale mapambo ya shaba ya mviringo ya wanawake walioolewa. Kila rika la morani huja na mpangilio wake wa rangi. Rangi nazo hutofautiana upande kwa upande, na mtu wa mbali akiona ushanga anaweza kusema huyu ametoka upande gani. Fanyeni kikao, koko wakiwemo, wao ndio waseme: hiki kinauzwa, hiki kinauzwa kikiwa kimebadilishwa, hiki hakitoki. Andikeni.

Na mkusanyaji wa vitu vya kale akija na noti akitaka ushanga ulioko shingoni mwa koko, msimsindikize nyumba kwa nyumba. Mama mwenye njaa siku hiyo atavua kitu ambacho binti yake angekirithi. Kama koko mwenyewe anataka kuuza, iwe kwa bei ya kitu kisichopatikana tena, na wanawe wajue.

Jina nalo ni mali. Louis Vuitton ilitembeza miraba ya shuka za Kimaasai katika mitindo yake ya wanaume ya mwaka 2012. Mwaka 2007 Wakenya na watetezi wa biashara ya haki walilazimika kupinga ombi la kampuni ya Uingereza iliyotaka kulisajili neno "kikoy" kuwa lake, na ombi hilo halikupita. Wamaasai wa Kenya na Tanzania wamekuwa na mpango wao wa kudai haki miliki, MIPI, na kampuni moja ndogo ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kuwalipa leseni. Kwa kikundi kidogo somo la vitendo ni hili: mbunifu akija na kalamu na kamera, kabla hajachora, msaini karatasi inayosema atatumia nini, kwa muda gani, atalipa nini na jina la nani litatajwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha kuanzia.

Oda za nje

Oda ya kwanza kubwa huleta furaha na ndiyo inayovunja vikundi. Kabla ya kusema ndiyo, gawanya idadi ya vipande kwa mikono mliyo nayo kweli, ukiondoa msimu wa kuhamisha mifugo na siku za sherehe za jando. Tengenezeni sampuli tatu zinazofanana: moja kwa mnunuzi, moja kwa kikundi, moja ofisini kwa mtu asiyehusika. Mgogoro ukizuka kuhusu rangi, sampuli ya tatu ndiyo hakimu. Mkataba useme nani analipa usafirishaji, na mnunuzi akikataa mzigo uliofanana na sampuli nusu aliyolipa hairudi. Cheti cha asili ya bidhaa hutolewa na TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania. Mizigo midogo tunaituma kwa EMS ya Posta.

Mnunuzi akiuliza alama ya biashara ya haki, mweleze sawasawa. Alama iliyoko kwenye pakiti za kahawa na chai ni ya mazao hasa, haibandikwi kwenye bangili za shanga. Kazi za mikono huangaliwa na WFTO, ambayo hukagua kikundi au kampuni yote na namna inavyoendeshwa. Uanachama una gharama na makaratasi, na kikundi kipya hakihitaji kuukimbilia. Daftari la wazi, lebo yenye fungu la mama na mihtasari ya vikao ndivyo wakaguzi watakavyoviomba siku ikifika, kwa hiyo anzeni navyo.

Zisizouzwa msimu ukiisha

Wageni hujaa Juni hadi Oktoba, wanarudi Desemba hadi Februari, na masika ya Aprili na Mei barabara huwa kimya. Miezi hiyo tunamaliza hesabu. Kila mama husomewa ukurasa wake mbele ya wote: alileta ngapi, zimeuzwa ngapi, alipewa nini, anadai nini. Anayebisha anabisha hapo, na kopo la uzi liko katikati.

Zilizobaki tunazipanga chini na kuzijadili moja moja. Zenye rangi ambazo wageni hawakuzigusa huenda zikapendwa na wenyeji, kwa hiyo huteremshwa kwenye minada ya mifugo, ambako wanaonunua ni Wamaasai wenzetu na wanajua kazi nzuri wanapoiona. Zilizoshindikana kabisa zinafumuliwa. Nusu ya kwanza aliyolipwa mama hairudishwi, shanga zinarudi kwenye kikopo chake yeye aliyetunga, na waya na uzi ulioharibika unalipwa na mfuko wa kikundi.